Kompyuta na Usanifu wa Meli: Samaki Mkunje Angali Mbichi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuunda meli huanza siku mkuku unapolazwa chelezoni na mafundi wakaanza kuunga mabamba ya chuma. Dhana hiyo si sahihi. Ifikapo siku hiyo, mambo makubwa yote yahusuyo meli hiyo yamekwisha kuamuliwa: urefu wake, upana wake, kina chake, umbo la sehemu itakayozama majini, nguvu za mitambo yake, na kiasi cha watu na mizigo itakayobeba. Fundi wa kuunga chuma, hata awe hodari namna gani, hawezi kuisahihisha meli iliyokosewa upana.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Katika usanifu wa meli, samaki ni mbichi kwa muda mfupi tu, yaani katika majuma au miezi ya kwanza, wakati meli ingali tarakimu chache na michoro michache juu ya karatasi. Kubadili upana kwa mita moja wakati huo ni kazi ya kufuta namba na kuandika nyingine. Kuubadili baada ya mkuku kulazwa ni hasara kubwa. Na kuubadili baada ya meli kuanza kazi, aghalabu, hakuwezekani kabisa.

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyosaidia katika hatua hiyo ya mwanzo, na yanatoa hoja kwamba nchi kama Tanzania, yenye pwani ndefu na inayopakana na maziwa makuu matatu, hapana budi iwe na watu wake wenyewe wa kuifanya kazi hiyo, hata kama meli nyingi zitaendelea kununuliwa ng'ambo. Suala hili si la fahari. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kupita 430 walioruhusiwa, na mamia wakapoteza maisha. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I kati ya Unguja na Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Ukara. Kila ajali ina sababu zake, na nyingine si za usanifu. Lakini zote zimeuliza swali moja: nani nchini aliyekuwa na hesabu za chombo hicho mkononi, na nani aliyeweza kuzisoma?

KAZI YA SIKU ZA MWANZO

Ugumu wa kusanifu meli ni kwamba kila jambo linategemea jingine. Ili kujua meli itazama majini kwa kiasi gani, lazima uzito wake ujulikane. Uzito hautajulikana mpaka mitambo ichaguliwe. Mitambo haitachaguliwa mpaka ukinzani wa maji ujulikane. Na ukinzani wa maji unategemea umbo na kiasi cha sehemu iliyozama, yaani lile jambo la kwanza. Msanifu basi hana budi kuanza kwa kukisia, kisha azunguke: hukisia urefu na upana, hukadiria uzito, hupima uthabiti, hukadiria nguvu za mitambo, halafu hurudi mwanzo na kusahihisha makisio yake. Mwaka 1959 J. Harvey Evans aliichora njia hiyo kwa mfano wa mstari unaozunguka kama gamba la konokono, ambao kila mzunguko unaukaribisha kitovuni, mahali ambapo madai yote yanapatana. Mchoro huo umekuwa ukifundishwa vyuoni tangu wakati huo.

Zamani kila mzunguko ulikuwa kazi ya mikono. Ili kupata ujazo wa sehemu iliyozama, msanifu aligawa mchoro wa meli katika vipande, akapima upana wa kila kipande, kisha akajumlisha kwa kanuni ya Simpson, ambayo kila mwanafunzi wa hisabati ya juu anaifahamu. Hesabu hizo zilijaza madaftari. Mtu akikosea kujumlisha ukurasa wa tatu, kosa lilimfuata hadi ukurasa wa thelathini. Matokeo yake ni kwamba msanifu alifanya mizunguko michache tu. Alipopata meli inayokubalika alisimama hapo, si kwa sababu ilikuwa bora, bali kwa sababu muda na nguvu vilimwishia.

Hapa ndipo kompyuta ilipoleta mabadiliko ya kweli. Haikuleta elimu mpya ya maji; sheria ya Archimedes ni ile ile, na kanuni ya Simpson ni ile ile. Iliyoleta ni wepesi wa kuzunguka. Hesabu iliyochukua siku kadhaa huchukua nukta chache, na badala ya meli moja msanifu anaweza kulinganisha mia, akaziweka mezani na kuuliza: nikiongeza upana, napata nini na napoteza nini?

KUTOKA UBAO MWEMBAMBA HADI KOMPYUTA

Yafaa kukumbuka watu walivyofanya kabla ya hesabu. Mwaka 1628 manowari ya Vasa ilipinduka na kuzama katika bandari ya Stockholm, Swidi, katika safari yake ya kwanza, baada ya kwenda kiasi cha mita 1,300 tu. Kabla ya safari hiyo, mabaharia 30 walikuwa wameamrishwa kukimbia kwa pamoja kutoka ubavu hadi ubavu ili kuijaribu, na jaribio likasimamishwa kwa kuwa meli ilianza kuyumba kwa namna ya kutisha. Hatari ilionekana, lakini meli ilikuwa imekwisha kuundwa, na hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kupimia hatari hiyo wakati ingali michoro. Kanuni hiyo ilitolewa na Mfaransa Pierre Bouguer katika kitabu chake cha mwaka 1746, alipoeleza nukta iitwayo metasenta, itakayofafanuliwa hapa chini. Katika miaka ya 1870 Mwingereza William Froude alijenga bwawa la majaribio huko Torquay, akaonyesha jinsi ya kukadiria ukinzani wa meli kubwa kwa kukokota mfano wake mdogo majini.

Umbo lenyewe la meli lilichorwa kwa ubao mwembamba unaopindika, ulioshikizwa mezani kwa vipande vizito vya risasi. Ubao huo, kwa asili yake, hukataa kuvunjika ghafula. Hupita katika nukta zote kwa mkunjo laini, na mkunjo laini ndio maji yanaoupenda. Wanahisabati wa karne ya 20 waliuchukua ubao huo, pamoja na jina lake, wakaugeuza kuwa milinganyo. Na milinganyo hiyo leo ndiyo inayochora meli, magari na ndege ndani ya kompyuta. Katika miaka ya 1960 viwanda vya meli vya Norwei vilikuwa vikitumia mfumo ulioitwa Autokon kuongoza ukataji wa mabamba. Mwaka 1982 J. Holtrop na G. G. J. Mennen wa Uholanzi walitangaza milinganyo ya kukadiria ukinzani na nguvu za meli, waliyoipata kwa njia ya takwimu kutokana na majaribio mengi yaliyokusanywa katika taasisi ya Wageningen. Milinganyo hiyo imo katika programu nyingi za usanifu wa awali hata leo.

Msomaji anayeijua pwani ya Afrika Mashariki ataona kwamba ubao huo mwembamba si mgeni. Fundi wa majahazi wa Lamu, Nungwi au Mafia haanzi kwa mchoro. Hulaza mkuku, husimamisha fashini, kisha hutafuta mkunjo wa mataruma kwa jicho, na kwa mbao zinazopindishwa hadi zikubali. Anachofanya msanifu kwa milinganyo, fundi hukifanya kwa ubao wenyewe. Tofauti iko mahali pamoja: fundi amerithi jahazi ambalo bahari imekwisha kulijaribu kwa vizazi vingi, na halibadili ila kidogo kidogo. Anayetaka chombo cha aina mpya, kwa mathalani kivuko cha magari chenye sitaha mbili, hana urithi huo wa kumlinda. Yeye hana budi kuhesabu.

MFANO WA PANTONI

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, na tuchukuliwe mfano mwepesi ambao msomaji anaweza kuukagua kwa penseli. Chombo ni pantoni yenye umbo la sanduku, urefu mita 30, upana mita 8, ikielea katika maji baridi ya ziwa na kuzama kwa mita 1.2. Ujazo wa sehemu iliyozama ni 30 × 8 × 1.2, yaani mita za ujazo 288. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa tani 1 hivi, pantoni pamoja na vyote vilivyomo ina tani 288.

Chombo kinapoinama kidogo, kitovu cha kanieleo, yaani kitovu cha ile sehemu iliyozama, husogea kuelekea upande ulioinama. Mstari unaochorwa wima kutoka kitovu hicho hukata mstari wa katikati ya chombo katika metasenta ya Bouguer. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo hurudi wima. Ikiwa chini yake, chombo hupinduka. Kwa sanduku, kitovu cha kanieleo kiko nusu ya kina kilichozama, na metasenta iko juu ya kitovu hicho kwa kiasi cha upana mara upana, kugawanywa kwa mara 12 ya kina kilichozama.

Kwa pantoni hii, nusu ya kina ni mita 0.6, na 64 gawanya kwa 14.4 ni mita 4.44. Metasenta basi iko mita 5.04 juu ya sakafu ya chini ya chombo. Tuseme kitovu cha uzito, abiria 200 wakiwa wamekaa sitaha ya chini, kiko mita 2.5. Nafasi iliyobaki kati ya vitovu hivyo viwili ni mita 2.54, ambayo ni nafasi ya kutosha sana.

Sasa mtu fulani apendekeze pantoni nyembamba zaidi, yenye upana wa mita 6, kwa kuwa itapasua maji kwa urahisi na itaingia katika gati ndogo. Uzito ukibaki tani 288, itazama kwa mita 1.6. Nusu ya kina ni mita 0.8, na 36 gawanya kwa 19.2 ni mita 1.875. Metasenta iko mita 2.675, na nafasi juu ya kitovu cha uzito ni mita 0.175 tu. Upana umepunguzwa kwa robo moja. Uthabiti wa mwanzo umepungua hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa awali. Hakuna jicho linaloweza kuona jambo hilo katika mchoro.

Mambo hayakomei hapo. Tuseme abiria 200 wapande sitaha ya juu, mita 3 juu zaidi, ili wapate upepo. Taratibu za kimataifa za uthabiti wa meli hukadiria abiria mmoja kuwa na kilo 75. Hivyo wote ni tani 15. Kitovu cha uzito cha chombo kizima hupanda kwa 15 × 3 gawanya kwa 288, yaani mita 0.156. Pantoni pana hubaki na nafasi ya mita 2.39. Pantoni nyembamba hubaki na sentimita 2. Kisha chombo kikaribie gati, na abiria hao wasogee kwa pamoja mita 2 kuelekea ubavu wa kushukia. Pantoni pana itainama kwa digrii 2 na nusu hivi, na wengi hawatajua kwamba imeinama. Pantoni nyembamba haina nguvu ya kupingana na watu wake wenyewe. Itakwenda mrama na kupinduka.

Zile taratibu za kimataifa zinadai nafasi isiyopungua mita 0.15 katika kila hali ya upakiaji. Mtu aliyeihesabu pantoni nyembamba kwa hali moja tu, abiria wote wakiwa chini, angepata mita 0.175, akaridhika na kufunga daftari. Programu ya kompyuta, ikiulizwa, hupima hali zote, zikiwamo tangi tupu na tangi zilizojaa nusu, mizigo juu na mizigo chini, watu ubavu huu na watu ubavu ule, na haichoki. Lakini lazima iulizwe.

Upana nao una gharama yake. Chombo kipana mno hurudi wima kwa mshtuko, huwasumbua abiria, na hudai mitambo mikubwa zaidi. Urefu nao unahusiana na mwendo: kwa kanuni ya Froude, chombo cha mita 30 huanza kupigana na wimbi lake chenyewe kikikaribia maili 13 za bahari kwa saa, na kutoka hapo kila nyongeza ndogo ya mwendo hununuliwa kwa mafuta mengi, chombo cha mita 40 hufika kiasi cha maili 15 kabla ya kukutana na tatizo hilo hilo. Kazi ya msanifu ni kuyapatanisha mambo hayo, na programu humwonyesha bei ya kila upatanisho.

YALE AMBAYO PROGRAMU HAIYAJUI

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuifanya kompyuta kuwa mganga. Programu za usanifu wa awali zina udhaifu wa aina tatu, na anayezitumia bila kuujua ni wa hatari kuliko asiyezitumia.

Udhaifu wa kwanza ni asili ya takwimu zake. Milinganyo ya ukinzani iliyopatikana kwa majaribio ya meli za aina fulani husema kweli kuhusu meli za aina hiyo. Ukiipa kivuko kifupi, kipana na chenye pua butu, kama vile vivuko vingi vya maziwa vilivyo, huenda kikawa nje kabisa ya mipaka ya majaribio hayo. Programu haitaona haya. Itatoa jibu lenye tarakimu nne baada ya nukta, na tarakimu hizo humpumbaza asiyejua zilikotoka.

Udhaifu wa pili ni uzito. Ujazo wa sehemu iliyozama huweza kukokotolewa kwa usahihi mkubwa, bali uzito wa meli isiyokuwapo hukisiwa tu. Rangi, viti, mabomba, jiko na samani huongezeka polepole, na aghalabu huongezeka juu, si chini. Ndiyo maana meli iliyokamilika hufanyiwa jaribio la kuinamishwa: mizani inayojulikana husogezwa kutoka ubavu hadi ubavu, pembe ya kuinama hupimwa, na kitovu cha uzito hupatikana kwa hakika. Hesabu za kompyuta zisizofuatwa na jaribio hilo ni ahadi tu.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa. Programu haijui maji ambamo chombo kitafanya kazi, wala desturi za watu watakaokipanda. MV Skagit iliundwa mwaka 1989 nchini Marekani kwa ajili ya abiria wa Puget Sound, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Ilikuja kufanya kazi katika mkondo wa Zanzibar, ambako upepo wa kusi hauna kizuizi. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101, lakini siku hiyo ya gulio watu waliofariki peke yao walikuwa 228. Hakuna programu ambayo ingekisia idadi hiyo, isipokuwa mtu aliyewahi kusimama gatini siku ya gulio angeiambia.

Hapa pana hoja nzito. Wapo wasemao kwamba msanifu akizingatia upakiaji wa kupita kiasi atakuwa ameuhalalisha. Kwamba dawa yake ni sheria, si upana wa chombo. Ni kweli kwamba sheria haina badala, na kwamba hakuna chombo kisichoweza kuzamishwa na tamaa ya binadamu. Lakini mhandisi wa daraja hahesabu tu lori lenye uzito wa halali. Huacha akiba kwa sababu anajua barabara ilivyo. Msanifu wa kivuko cha Ukara au Ukerewe anayehesabu abiria wenye mikoba midogo, huku akijua kwamba watapanda na magunia ya mahindi na mifuko ya saruji, hajaitii sheria. Amejificha nyuma yake. Swali la watu watakavyopanda kweli ni swali la hatua ya mwanzo, wakati upana ungali namba. Ni mtu wa mahali hapo tu awezaye kuliuliza ipasavyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka kazi hii ifanywe nchini.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza inayotolewa ni kwamba nchi hii haiundi meli, basi elimu hii ya nini? Historia yenyewe inajibu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927. Februari 2023 meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, iliyokusudiwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400, ilishushwa majini Mwanza, mahali pale pale ilipoundwa na wakandarasi wa Korea ya Kusini wakishirikiana na mafundi wa nchini. Mikono ya kuunga chuma ipo, na imekuwapo kwa zaidi ya miaka mia. Kinachoendelea kuagizwa ni maamuzi ya mwanzo. Na hata anayenunua tu huhitaji elimu hiyo, kwani mnunuzi asiyeweza kuikagua hesabu ya muuzaji hununua kwa imani.

Hoja ya pili ni ya gharama na ya tahadhari, nayo ina mizizi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye hatua kwa hatua. Wengine hucheka wakisikia habari hiyo leo. Si jambo la kuchekwa. Mitambo ya siku hizo ilinunuliwa kwa fedha nyingi za kigeni, na walioweza kuitumia walikuwa wachache. Funzo lililobaki ni kwamba mtambo usiotanguliwa na elimu ni mzigo. Lakini hali ya vyombo imegeuka. Hesabu zote za pantoni iliyoelezwa hapa zaweza kufanywa na kompyuta ndogo ya mezani ya ofisi yoyote, na ziko programu za kuchora maumbo ya meli, kama FREE!ship, zinazopatikana bila malipo. Kilichokuwa adimu mwaka 1974 kilikuwa mtambo na mtu. Leo kilicho adimu ni mtu peke yake.

Hoja ya tatu hutolewa na wale wanaohofu kwamba kompyuta italiua jicho la fundi. Hofu hii yastahili heshima. Kijana aliyezoea kubonyeza vitufe anaweza kuchora umbo laini la kupendeza bila kujua kwamba halitaelea sawasawa. Dawa yake si kumnyima kompyuta. Dawa ni kumtaka aihesabu meli yake ya kwanza kwa mkono, kwa kanuni ya Simpson, na ya pili kwa programu aliyoiandika mwenyewe, kabla hajaruhusiwa kuitumia programu ya kununua. Aliyepita njia hiyo hushtuka jibu likiwa la ajabu. Asiyeipita huliandika katika ripoti.

YAPASAYO KUFANYWA

Mambo manne yanaweza kuanzwa bila kungoja fedha kubwa. Kwanza, vyuo vya uhandisi na vya mambo ya bahari viwe na somo la usanifu wa awali wa vyombo, ambalo kila mwanafunzi atasanifu kivuko cha mahali halisi: Mafia au Ukerewe, kwa kwenda huko na kuhesabu watu na mizigo yao siku ya gulio. Pili, kabla chombo chochote cha umma hakijaagizwa, wataalamu wa nchini wafanye hesabu za awali wenyewe, ili matakwa ya mnunuzi yaandikwe kwa tarakimu za uthabiti, si kwa idadi ya viti na rangi ya sitaha peke yake. Tatu, kila chombo cha abiria kiwe na jalada lake la uzito na uthabiti, litakalosahihishwa kila chombo kinapofanyiwa matengenezo, na liwe mahali ambapo mkaguzi na nahodha wanaweza kulisoma. Nne, majahazi, mashua na ngalawa zilizopo zipimwe na maumbo yake yaingizwe katika kompyuta, fundi wake akiwa pale pale kueleza kwa nini alipindisha taruma hili hivi na lile vile.

Jambo hilo la nne litaleta faida nyingine. Lugha ya fani hii haihitaji kubuniwa upya, kwani imo vinywani mwa mafundi na mabaharia: mkuku, taruma, fashini, farumi, ngama, omo na tezi. Kijana anayejua kwamba farumi huwekwa chini ili kukishusha kitovu cha uzito amekwisha kuelewa nusu ya somo la Bouguer, pengine kabla hajasikia jina lake. Kumfundisha kwa maneno hayo ni kumwonyesha kwamba elimu hii ina jamaa zake hapa.

Kompyuta itafanya hesabu mia kwa dakika, na haitajali kama pantoni ni ya upana wa mita 8 au 6. Kujali ni kazi ya binadamu, hasa wa yule ambaye mama yake au mtoto wake atapanda chombo hicho. Mtu huyo anapaswa kuwapo mezani siku ya kwanza, wakati upana ungali namba inayofutika.